Ghala la Gesi Chini ya Bahari: Faida ya Nani?

Mchuuzi wa mahindi hahitaji kufundishwa jambo hili. Gunia alilonunua Julai wakati wa mavuno, akiliweka ghalani, Februari ni gunia lile lile, ila bei si ile ile. Juma hili, ndugu msomaji, tuwatazame wanaofanya biashara hiyo kwa gesi. Ghala lao si la mabati, limo ndani ya mwamba.

Utaalamu huu si wa jana. Mwaka 1915 huko Welland, Ontario, nchini Kanada, gesi ilirudishwa katika visima vilivyokwisha kunyonywa. Mwaka uliofuata Wamarekani nao wakafanya hivyo Zoar, karibu na Buffalo. Hoja ilikuwa nyepesi: mwamba uliotunza gesi mamilioni ya miaka bila kuvuja, utashindwaje kuitunza miezi 6? Wakati wa joto mashine huishindilia gesi katika vitundu vya mwamba. Baridi ikibisha hodi, visima hufunguliwa. Lakini kuna sehemu ya gesi haiuzwi. Hubaki humo ili kuisukuma ile inayouzwa. Hiyo ni fedha iliyozikwa, na mwenye ghala huikumbuka kila anapopiga hesabu.

Waingereza walikuwa na ghala la namna hiyo liitwalo Rough, zaidi ya kilomita 2 chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini, mkabala na pwani ya Yorkshire. Gesi ilianza kuchimbwa humo mwaka 1975. Mwaka 1985 British Gas, wakati huo shirika la umma, ikaligeuza kuwa ghala. Mwaka mmoja baadaye serikali ya Thatcher ikaliuza shirika hilo, na mwaka 2002 Rough ikawa mali ya kampuni ya Centrica.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Shirika la umma liliuliza kama wananchi watapata joto Januari. Kampuni iliuliza tofauti ya bei kati ya Julai na Januari ni kiasi gani. Siilaumu, kampuni ina wenye hisa wanaosubiri gawio.

Kwa muda tofauti hiyo ilikuwa nono. Februari 2006 moto ulipozuka kwenye mitambo ya Rough na ghala likasimama, mwezi uliofuata bei ya gesi iliruka. Baadaye yakaja mabomba kutoka Norway na bara la Ulaya, na meli kutoka Qatar zenye gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Bei za majira yote mawili zikakaribiana, visima navyo vikachakaa. Mwaka 2013 serikali ilikataa kutoa ruzuku kwa maghala ya gesi, ati soko lingetosha. Juni 2017 Centrica ikatangaza kulifunga ghala lililokuwa na karibu asilimia 70 ya nafasi yote ya kuhifadhi gesi nchini humo.

Haikupita hata mwaka. Tarehe 1 Machi 2018, theluji ikiwa imetanda, wasimamizi wa mabomba walitoa onyo kwamba gesi huenda isitoshe siku hiyo.

Kubwa lilikuja mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Wajerumani waligundua kwamba ghala lao kubwa la Rehden lilikuwa mikononi mwa Gazprom ya Urusi tangu 2015, na kwamba liliingia majira ya baridi likiwa karibu tupu. Wakatunga sheria haraka ya kuwalazimisha wenye maghala kuyajaza, waone faida wasione. Agosti mwaka huo bei ya gesi Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati-saa, wakati miaka michache kabla euro 20 ilikuwa bei ya kawaida.

Oktoba 2022 Rough ikafunguliwa tena, kwa kiasi cha moja ya tano tu ya uwezo wake wa zamani. Bei zikatulia. Mwaka 2025 Centrica ikasema ghala linaitia hasara, ikaacha kulijaza, na kuitaka serikali iihakikishie mapato.