Mlolongo: wachungaji walipoikataa kura ya hadharani

Jumapili iliyopita mchungaji wetu alimaliza matangazo kwa kutusihi sisi vijana tukajiandikishe kupiga kura. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Hata kanisani siasa?" Sikumjibu pale pale. Namjibu leo.

Mlolongo wa 1988 ulipita kabla sijazaliwa. Nimeusikia kwa mama. Alipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wake, mchana kweupe, majirani wakitazama. "Kila mtu alijua nimesimama wapi," huniambia hadi leo.

Utaratibu huo uliamuliwa mwaka 1986 na KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria wakati huo. Katika mchujo wa chama hapakuwa na karatasi wala sanduku. Watu walipanga mstari wakahesabiwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kungoja uchaguzi mkuu.

Agosti 1986 wachungaji wa makanisa ya NCCK, yaani Baraza la Kitaifa la Makanisa, walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaupinga. Hoja yao ilikuwa rahisi: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea huyu, na nusu ya waumini wake wako nyuma ya yule, Jumapili atawahubiria vipi?

Tusidanganyane, si makanisa yote yaliyokubaliana nao. Africa Inland Church, kanisa la Rais Moi mwenyewe, lilijitoa NCCK mwaka huo huo.

Mchujo ulipofika, Februari 1988, yaliyohofiwa yakatokea. Sehemu nyingi wananchi walilalamika kwamba aliyekuwa na mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Na utarudia vipi kuhesabu watu waliokwisha kwenda nyumbani? Jarida la NCCK, Beyond, liliandika habari za wizi huo. Likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo. Mimi ninayekula kwa kalamu, hapo huwa nanyamaza kidogo.

Maaskofu wa Anglikana David Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge, pamoja na Mchungaji Timothy Njoya wa Presbyterian, waliendelea kusema mimbarani. Aprili 1989 nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku. Akaponea juu ya paa. Muge alifariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya asikanyage Busia.

Desemba 1990, mkutano wa wajumbe wa KANU pale Kasarani ukaufuta mlolongo pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Makanisa hayakuwa peke yao katika vita hivyo, lakini yalianza mapema, wakati wengi wetu tulikuwa tumefyata mkia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ndiyo, hata kanisani. Mimi naenda kujiandikisha Jumatatu. Twende wote? Na nyinyi wasomaji, waulizeni wazee wenu: mwaka 1988 walisimama mstari gani, na nani alitangazwa mshindi?