Bigo bya Mugenyi: Mahandaki ya Vita au ya Mifugo?

Kusini mwa mto Katonga, wilayani Sembabule nchini Uganda, yapo mahandaki yenye urefu wa jumla unaozidi kilomita 10. Kwingine yanashuka karibu mita 4, na pale udongo ulipokwisha wachimbaji waliupasua mwamba wenyewe. Masimulizi huyahusisha na Bachwezi, watawala wa kale katika simulizi za eneo hili. Wanaakiolojia Peter Shinnie, mwaka 1957, na Merrick Posnansky, mwaka 1960, walichimba hapa. Wengi huyaita ngome. Kwa maoni yetu, jina hilo linaeleza nusu tu ya kazi yake.

Linganisha na Danevirke: boma hilo la udongo la Wadenmaki lenye takriban kilomita 30 liliziba njia ambayo adui hakuweza kuikwepa. Bigo haizibi njia. Inazunguka malisho, na mstari wake wa nje ni mrefu mno kulindwa na askari, tena una mapengo. Ndani ilipatikana mifupa mingi ya ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokuwa utajiri: handaki liliwazuia wasitawanyike, na wezi wasiwaswage usiku. Kwa nini basi kupasua mwamba? Swali hilo ni zito. Lakini mtawala aliyeweza kukusanya watu wa kufanya kazi hiyo alimwonyesha kila aliyevuka Katonga nguvu zake, kama geti la korti, yaani kundi la nyumba, hapa Buruburu, Nairobi, linavyomzuia mwizi na papo hapo kutangaza nani mwenyeji. Mistari ya ndani, mifupi na iliyokaribiana kilimani, hiyo tunakubali kuiita ngome.