Mgonjwa wa Neno Moja

Msomaji, usimdhanie mtu kuwa hana akili kwa sababu hana maneno. Karibu na mji wa Paris, nchini Ufaransa, alikuwako mgonjwa aliyekaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre. Kila alipoulizwa jambo alijibu "tan, tan", basi. Lakini alifahamu mengi aliyoambiwa, na alipoulizwa hesabu alijibu kwa vidole.

Mwaka 1861 mgonjwa huyo alifariki. Tabibu Paul Broca aliutazama ubongo wake, akaona umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Hapo ndipo panapotengenezwa usemi. Mwaka 1874 Carl Wernicke, tabibu wa Kijerumani, alionyesha mahali pengine, nyuma ya hapo, panaposaidia kufahamu maneno. Kusema ni jambo moja, na kufahamu ni jingine.

Mahali hapo pote pawili pamo katika ubongo mkubwa, ambao hufikiri, hukumbuka na kuamuru viungo. Chini yake, kisogoni, umo ubongo mdogo, unaolinganisha mwendo ili tusipepesuke. Shina la ubongo nalo husimamia pumzi na mapigo ya moyo, hata tulalapo.

Basi ukimwona mzee aliyepatwa na kiharusi akijaribu kusema akashindwa, usimcheke, wala usimzungumze mbele yake kana kwamba hayupo. Yamkini ulimi umenyamaza, na akili i macho, yakusikiliza.