Msemaji wa Kiswahili na Ujifunzaji wa Kifaransa: Mazingatio ya Kihistoria kutoka Kibera

Gatwekera ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, jijini Nairobi. Kijaluo husikika humo katika nyumba nyingi, Kiswahili na Sheng njiani, na Kiingereza darasani. Kijana wa hapo aanzapo kusoma Kifaransa huwa anaongeza lugha ya nne au ya tano. Basi hakosi uzoefu wa kujifunza lugha. Linalofaa kuulizwa ni hili: lugha hii mpya anaihitajia nini?

Historia ya Kibera yenyewe yaonyesha uzito wa swali hilo. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na Kinubi ni lugha iliyozaliwa jeshini. Askari kutoka kusini ya Sudan, wenye lugha mbalimbali, walijenga juu ya msamiati wa Kiarabu lugha ya kuelewana kambini. Mwaka 1891 Lugard aliwaandikisha wengi wao na kuwaingiza Uganda. Na baada ya jeshi la King's African Rifles kuundwa mwaka 1902, waliostaafu katika Kenya walipewa makao Kibera. Lugha hiyo haikufundishwa kwa kitabu. Haja ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Kifaransa kiliingia kwa mlango mwingine. Alliance Française ilianzishwa Nairobi mwaka 1949, na katika shule za sekondari za Kenya Kifaransa ni somo la hiari lenye mtihani wake. Mwanafunzi hukutana nacho zaidi katika maandishi, na hapo ndipo taabu huanza. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na herufi yake. Kifaransa kina irabu zaidi ya kumi, zikiwamo za puani, na konsonanti nyingi za mwisho huandikwa zisitamkwe: maneno vert, vers, ver na verre hutamkwa sawasawa. Taabu ya pili ni jinsia. Kiambishi ki- cha "kitabu" chatangaza ngeli yake waziwazi. Lakini livre ikiwa ya kiume ni kitabu, ikiwa ya kike ni ratili, na umbo la neno halibadiliki hata kidogo.

Hata hivyo, upatanisho wenyewe si jambo geni. Aliyezoea kusema "kitabu kizuri" na "vitabu vizuri" haoni ajabu kivumishi kikifuata hali ya nomino. Msingi huo anao tayari katika Kiswahili chake, nao wastahili kutumiwa na mwalimu badala ya kupitia Kiingereza, ambacho hakina upatanisho wa namna hiyo.

Ama kuhusu faida, mara nyingi hutajwa kazi na safari. Iko nyingine iliyo karibu zaidi na wanalugha. Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika Afrika Mashariki mwaka 1879. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilichapishwa mwaka 1909, na kamusi yake ya Kiswahili-Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Mwaka huohuo ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson. Hii iliimarisha usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja. Ile ya Sacleux ilihifadhi maneno ya Kimvita, Kiamu, Kingazija na lahaja nyinginezo. Asiyesoma Kifaransa huijua hazina hiyo kwa kusimuliwa tu, ingawa ni hazina ya lugha yake mwenyewe.

Aidha, Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Katika miji ya Goma, Bukavu na Lubumbashi, Kiswahili na Kifaransa huishi pamoja kila siku. Kwa hiyo haja ipo, kama ilivyokuwapo kwa askari wa Kinubi. Kinachosalia ni kumwonyesha mwanafunzi wa Gatwekera kwamba haja hiyo yapita mtihani, na kwamba njia moja ya Kifaransa humrudisha kwenye Kiswahili.