Mgonjwa wa Dharura Hafukuzwi Mlangoni

Somo la redio kwa madarasa ya ngumbaru

Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mlango wa hospitali. Mgonjwa mahututi akifikishwa pale usiku, hana fedha, je, ana haki ya kuingia? Na akifungiwa nje, ni nani atakayeiuliza hospitali?

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno DHARURA. Dharura ni jambo la ghafula lisiloweza kungoja. Mtu aliyegongwa na gari, mama mja mzito anayetokwa na damu, mtoto anayeshindwa kuvuta pumzi: hao ni wagonjwa wa dharura. Ukiwaambia warudi kesho, pengine kesho hawataiona.

Safari yetu yaanzia mbali, katika nchi ya Marekani, maana huko twaweza kuona vizuri jinsi haki hii ilivyopatikana na jinsi hospitali zilivyolazimishwa kuitii. Kisha tutarudi nyumbani, Kenya.

Zamani mahakama za Marekani zilishika kanuni hii: hospitali ya watu binafsi haikulazimika kumpokea mtu yeyote. Ilikuwa hiari yake. Mwezi wa Januari 1959, katika jimbo la Delaware, baba na mama walimpeleka mtoto wao wa miezi minne katika hospitali ya namna hiyo. Mtoto alikuwa na homa na anaharisha. Muuguzi wa zamu hakumpima. Aliwaambia kwamba mtoto yuko chini ya daktari mwingine, na desturi ya hospitali haikuruhusu kumtibu bila agizo la daktari huyo. Alijaribu kumpigia simu, hakumpata. Wazazi wakarudi nyumbani na mtoto wao, naye akafa siku ile ile.

Wazazi walishitaki. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Delaware ilisema hivi: hospitali iliyofungua chumba cha dharura, na watu wakazoea kukitegemea, yaweza kulaumiwa ikimkataa mgonjwa ambaye hatari yake ni dhahiri. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini hukumu ile ilikuwa ya jimbo moja tu, na mgonjwa alipaswa kufika mahakamani ndipo apate haki yake. Maiti haendi mahakamani.

Ikafika miaka ya 1980. Hospitali nyingi za binafsi zilikuwa zikiwachukua wagonjwa wasio na bima na kuwapakia katika magari ili wapelekwe hospitali za umma. Wamarekani wenyewe waliita tendo hilo “kutupa wagonjwa”. Mjini Chicago madaktari wa hospitali ya umma ya Cook County walifanya jambo la maana sana: waliandika. Waliwafuata wagonjwa 467 walioletwa kwao kutoka hospitali nyingine, wakaandika sababu ya kila mmoja kuletwa na hali aliyokuwa nayo. Mwaka 1986 wakatangaza waliyoyaona. Katika kila wagonjwa 100, 87 waliletwa kwa sababu hawakuwa na bima, na 24 walifika wakiwa katika hali ya hatari. Waliotoa idhini yao kwa maandishi walikuwa 6 tu katika kila 100.

Mwaka huo huo wa 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria. Yasema mambo matatu makubwa. Kwanza, kila mtu afikaye katika chumba cha dharura apimwe. Pili, akikutwa na hatari, atibiwe mpaka hali yake itulie. Tatu, asihamishwe kabla ya kutulia, ila yeye mwenyewe akiomba kwa maandishi, au daktari akiandika kwamba faida ya kuhamishwa yazidi hatari yake. Upimaji usicheleweshwe kwa kuuliza habari za bima. Kwa nini hospitali zilitii? Kwa sababu karibu zote zapokea fedha za Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee. Ukitaka fedha za serikali, fuata sheria hii.

Lakini sheria haikutosha. Sikilizeni kisa cha mwezi wa Desemba 1986, sheria ikiwa bado changa. Katika mji wa Victoria, jimbo la Texas, mama mmoja alifika hospitali akiwa na uchungu wa kuzaa. Shinikizo la damu lake lilikuwa 210 kwa 130, kiasi cha kuweza kumwua yeye na mtoto. Hakuwa na njia ya kulipa. Daktari aliagiza apelekwe Galveston, mwendo wa kilomita 270 hivi. Muuguzi alimwonyesha daktari yule maelezo ya sheria mpya. Daktari akakataa kuyasoma. Mama akapakiwa, na baada ya kilomita zipatazo 64 akajifungua ndani ya gari. Kwa bahati njema wote wawili walipona. Daktari alitozwa faini ya dola 20,000. Alikata rufaa, na mwaka 1991 mahakama ikathibitisha kwamba alivunja sheria.

Ndugu zangu, fikirini kidogo. Yule daktari alijua kusoma kuliko sisi sote hapa, lakini hakutaka kusoma. Ndiyo maana serikali ile iliziwekea hospitali wajibu mwingine, na karibu wote ni wajibu wa maandishi. Hospitali lazima ibandike katika chumba cha dharura tangazo la haki za mgonjwa, kwa maneno yanayoeleweka na watu wa mahali pale. Lazima iwe na daftari la kila mtu aliyekuja kuomba msaada: alitibiwa, alihamishwa, au hata alikataliwa. Na hospitali ikipokea mgonjwa aliyehamishwa kinyume cha sheria, lazima itoe habari kwa wakaguzi kabla ya saa 72 kupita. Sasa faini ya kosa moja kwa hospitali kubwa ni zaidi ya dola 100,000.

Tusidanganyane, lakini. Sheria hiyo haifuti deni. Mgonjwa aweza kuletewa hesabu baadaye. Wala haikutenga fedha za kuzilipa hospitali. Yalinda uhai kwanza, na mambo ya fedha yafuate.

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaeleza zaidi: matibabu hayo ni pamoja na kumhudumia mgonjwa kabla hajafika hospitali, kuituliza hali yake, na kupanga apelekwe kwingine ikiwa hospitali ya kwanza haina uwezo. Hospitali yenye uwezo ikikataa, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa kugharamia, pamoja na magonjwa mengine, matibabu ya dharura.

Basi maneno tunayo. Hata hivyo, malalamiko ya watu wanaodaiwa fedha kwanza mlangoni hayajakwisha. Historia ya leo yatufundisha kwamba haki hii hukaa karatasini mpaka mtu aiandike ukutani, mwingine aandike daftarini yaliyotokea, na wa tatu aulize. Ukimpeleka ndugu yako mahututi na ukakataliwa, uliza kwa heshima: “Je, amepimwa?” Andika saa, tarehe na jina la aliyekujibu. Kalamu mnayojifunza kuishika jioni hii yatosha kwa kazi hiyo.

Mwalimu, sasa zima redio, darasa lizungumze juu ya maswali haya:

1. Kwa nini hukumu ya Delaware ya mwaka 1961 haikutosha?

2. Daftari la hospitali lamsaidiaje mgonjwa asiye na fedha?

3. Katika zahanati au hospitali ya kwenu, ni matangazo gani yamebandikwa ukutani? Someni, kisha mje mwelezane.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.