Utalii unaojali mazingira: ni nini, na unamhusu vipi mkazi wa kijijini?

Kila tunapogusia utalii kwenye kipindi, ujumbe wa aina moja huingia kwenye simu ya studio: hayo ni mambo ya wazungu na wenye magari, sisi wa vijijini yanatuhusu nini? Swali hilo ni halali. Katika makala hii tunaeleza maana ya utalii unaojali mazingira, kisha tunachukua mfano wa karibu, msitu wa Amani wilayani Muheza, mkoani Tanga, ili ionekane kwa nini jambo hili linamgusa anayelima pembeni mwa hifadhi kuliko anayekuja na kamera siku mbili akaondoka.

Kwa maneno mepesi, ni safari ambayo mgeni anafurahia mahali bila kupaharibu, na wenyeji wa mahali hapo wanapata sehemu ya maana ya fedha anayotumia. Sharti la pili ndilo linalosahaulika. Nyumba ya wageni inaweza kuweka kibao chenye picha ya mti na maneno mazuri juu ya mazingira, huku inavuta maji ya kijiji, inamwaga taka korongoni na haina mfanyakazi hata mmoja kutoka hapo. Kwa hiyo usisome kibao. Uliza mambo matatu: maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, taka zinaishia wapi, na fedha inabaki kwa nani.

Kwa upande wa maji na taka, mfano unaotajwa sana ni kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar. Nyumba za wageni pale ni saba tu. Mapaa yamejengwa ili yakinge mvua, na maji hayo huchujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya nyumba. Umeme ni wa jua. Choo hakitumii maji, kinyesi kinaozeshwa kuwa mboji. Maji ya kuogea hupitishwa kwenye kitalu cha mimea inayofyonza uchafu, yasifike baharini yakaua matumbawe. Miamba ya upande wa magharibi wa kisiwa imefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990, na wavuvi wa zamani ni miongoni mwa walioajiriwa kuilinda. Kulala pale si bei ya mfuko wa wengi wetu, lakini ile njia ya kukinga mvua na kuozesha kinyesi inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye bati na koleo.

Suala la fedha ni gumu zaidi, na hapo ndipo tunaiendea Amani.

Amani ni msitu wa Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, na mwaka 1997 ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ina ndege, vyura, vinyonga na mimea isiyopatikana kwingine duniani. Lakini hata asiyejali chura anaihitaji: maji ya mto Zigi yanatokea kwenye milima hiyo, yanajaza bwawa la Mabayani, na ndiyo wanayokunywa watu wa jiji la Tanga. Msitu ukikatwa juu, bomba la Tanga linatoa tope.

Ulinzi huo una gharama, na aliyeilipa kwanza si mtalii. Miaka ya 2000, wakulima waliokuwa na iliki ndani ya msitu wa Derema, jirani na Amani, walitakiwa kuziacha ili msitu ubaki mmoja usiokatika. Walilipwa fidia ya mazao, ila iliki ni zao la kudumu, ambalo mtu huvuna mwaka hadi mwaka, na fidia hulipwa ikaisha. Mtu wa namna hiyo akimwona mgeni anapita na mwongozo kwenye njia ya msituni, ana haki ya kuuliza: huyu ananiachia nini?

Jibu moja lililojaribiwa ni vipepeo. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, wanavijiji wa kuzunguka Amani walianza kuwafuga. Mfugaji anapanda miche ya asili ambayo viwavi hula, anakamata kipepeo jike msituni na kumweka kwenye banda la neti. Jike hutaga mayai kwenye majani, viwavi wakianguliwa hulishwa hadi wageuke pupa, ile hali ya kutulia ndani ya gamba kabla mabawa hayajatoka. Pupa ndizo zilizouzwa Ulaya na Marekani, kwenye mabanda ya maonyesho ya vipepeo. Wengi wa wafugaji walikuwa akina mama, kwa kuwa kazi inafanyika karibu na nyumba. Kilichotupendeza zaidi ni hesabu yake: bila msitu hakuna jike la kuanzia wala mche wa kulishia, hivyo mti uliosimama ukawa na bei.

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Soko likafungwa kwa watu ambao hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Tunalieleza hili kwa sababu makala nyingi za utalii huishia pale mambo yanaponoga. Kijiji kinachotegemea mnunuzi mmoja wa mbali kiko hatarini, hata kama biashara yenyewe ni safi. Mgeni anayekuja mwenyewe, akalipa mwongozo wa kijijini, akala chakula cha mama ntilie, akanunua iliki na pilipili manga kwa mkulima badala ya dukani Dar, hahitaji kibali cha kusafirisha kitu.

Na mgeni huyo anaweza kuwa wewe. Ukitaka kwenda Amani, anzia Muheza mjini. Kuna magari ya abiria yanayopanda mlimani, na bodaboda kwa mwenye haraka. Barabara ni ya vumbi, na masika, Machi hadi Mei, inateleza vibaya, basi panga safari nje ya miezi hiyo. Lango la chini liko Sigi, ambako nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani imegeuzwa kituo cha habari. Ndiyo, treni ilifika hadi pale, kubeba magogo. Ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Dai namba ya malipo ya serikali ulipe kwa simu, na usimpe mtu fedha mkononi bila stakabadhi. Chukua mwongozo mwenyeji. Macho yake yanaona kinyonga pale ambapo yako yanaona jani.

Ukiwa msituni, mwambie akuonyeshe ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo linauzwa kwenye vyungu karibu dunia nzima. Usambara haikupata hata senti. Usiling'oe.

Mwenendo mwingine ni wa kawaida, ila tunausema kwa kuwa tumekosea wenyewe. Tulipopanda kurekodi kipindi tulibeba katoni ya maji ya chupa, na jioni mwongozo akatukabidhi chupa zote tupu, kimya kimya, tukashuka nazo Muheza. Siku hizi tunabeba dumu. Mifuko ya plastiki imekatazwa Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu. Usimrushie nyani ndizi. Akizoea, kesho ataingia jikoni kwa mama wa watu. Basi lililojaa hutumia mafuta kidogo kwa kila abiria kuliko gari dogo lenye mtu mmoja. Halafu kuna gunia la mkaa. Watu hutembea siku tatu wakisifia hewa ya mlimani, kisha wakirudi husimama kando ya barabara na kufunga magunia mawili juu ya gari. Hilo gunia lilikuwa mti.

Wapenda bahari waende Pangani, wachukue mashua hadi Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa bado wanakuja kutaga. Fuata maji yakitoka, usikanyage matumbawe, na usinunue kombe wala gamba la kasa, hata ukiambiwa liliokotwa.

Na ikiwa kijiji chako kina maporomoko, pango au msitu na mnafikiria kupokea wageni, anzeni na serikali ya kijiji kabla ya kumpokea mwekezaji. Kubalianeni kwenye mkutano mkuu sehemu gani ya fedha inaingia mfuko wa kijiji na nani anaajiriwa, iandikwe kwenye muhtasari, na kila baada ya muda mapato yasomwe hadharani. Mkishapata mgeni wa kwanza, tupigieni simu.