Rangi ya Fedha na Asili Yake

Nyumbani kwetu Mnazi ilikuwako bangili ya fedha ambayo bibi yangu aliirithi kwa mama yake. Mikato ya nakshi yake ilikuwa myeusi, na mgongoni ilikuwa na rangi ya zambarau kidogo. Mimi katika ujana wangu nalidhani ni uchafu, nikaisugua kwa mchanga na majivu hata ikameta. Bibi alipoiona alinyamaza kimya.

Basi, wasomaji, rangi ile yatoka wapi? Zamani fedha nyingi ya mapambo ya pwani yetu ilitoka katika reale, sarafu yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Mwaka huo huandikwa hata juu ya reale zilizopigwa miaka mingi baada yake, maana wafanya biashara wa Arabuni na wa pwani walikwisha izoea sarafu ile. Uzito wake ni gramu 28, na katika sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha. Nyingine karibu zote ni shaba. Masonara waliziyeyusha, wakafua vikuku na mitali.

Adui wa fedha si maji, bali ni salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti, jina lililohamia baadaye katika vijiti vya kuwashia moto. Salfa imo katika moshi, katika jasho, hata katika yai. Ukifunika pete ya fedha bakulini pamoja na yai la kuchemsha lililokatwa, utaona: kwanza huwa ya manjano kama dhahabu, kisha nyekundu, kisha zambarau na buluu, na mwisho nyeusi. Hapana rangi iliyopakwa hapo. Ni utando mwembamba sana, nao huichezea nuru kama mafuta ya taa yaeleavyo juu ya maji. Kadiri uzidivyo unene, rangi hugeuka. Fundi ajuaye huitoa fedha kwa wakati wake, akaiosha na kuipaka nta. Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliandika ya kuwa Wamisri waliitia fedha rangi kwa salfa na shaba.

Kumbe weusi ule ndio ulioyaonyesha maua ya bangili! Sonara mmoja mzee aliniambia kwamba ningaliifuta kwa kitambaa laini tu. Sasa weusi umerudi wenyewe, lakini mchanga uliyala maua, ila moja karibu na kifungo, mahali ambapo kidole changu hakikufika.